Songwe eapoti, mama yangu, na miaka ya Mwakyembe

Nimekaa wiki mbili najiuliza niandike au niache, maana wengi wanaotoa mrejesho kuhusu uwanja wa ndege wa Songwe, huu wetu wa Mbeya, wanaandika wakiwa bado na hasira za ndege kuahirishwa, na mimi hasira nilikua nazo tena nyingi tu, nikaona bora zipoe kwanza. Sasa zimepoa. Na nina mambo mawili ya kusema, moja ni la uwanja wenyewe na huduma yake, la pili ni la Dk. Harrison Mwakyembe ambae alikua mbunge wetu Kyela kuanzia 2005 mpaka 2020, maana mimi siwezi kupita pale Songwe bila kumkumbuka, na nikimkumbuka yeye namkumbuka baba yangu, kwa hiyo mnivumilie itakua ndefu.

Safari ilikua ya mama. Mama anakaa Ipinda, huko Kyela, ana miaka 71, nyonga ya kulia inamsumbua tangu mwaka juzi, daktari wa huku kwetu akasema akaonwe na wataalamu wa mifupa Muhimbili. Mimi nauza mchele Mwanjelwa, Mbeya mjini, sio tajiri, ila niliapa moyoni kwamba mama hatopanda basi kwenda Dar akiwa mgonjwa. Sababu yangu ni hii. Mwaka 2009 tulimpeleka baba Muhimbili kwa basi, mimi na mama na yeye, tumbo likimuuma, tumetoka Mbeya saa 12 asubuhi, kilomita mia nane na kitu, kila basi likipita kwenye tuta anakaza meno, tumeshuka Kitonga taratibu nyuma ya malori kama saa nzima, tumepita Mikumi jua linazama, Ubungo tumefika usiku baba hawezi hata kuinua shingo. Kalala mapajani kwangu tangu Ruaha Mbuyuni. Mtu aliemsafirisha mgonjwa wake namna hiyo akiwaambia kwamba saa moja na nusu angani ni kitu kikubwa muelewe hazungumzii starehe.

Kabla ya 2012 sisi watu wa Mbeya tulikua na kile kiwanja cha zamani cha mjini, kule ambako mpaka leo konda wa daladala anaita Airport, kiwanja kidogo katikati ya nyumba na milima, vindege vidogo tu ndo vilikua vinatua. Ndege kubwa ya abiria tulikua tunaisikia inapita juu kwenda kwa wenzetu. Songwe ulianza kujengwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, na hapa niseme ukweli ambao watu wa Kyela huwa tunausahau makusudi: waziri wa mawasiliano na uchukuzi wakati huo, 2000 hadi 2005, alikua Profesa Mark Mwandosya, mbunge wa Rungwe Mashariki. Halafu ukakaa, ukakaa, pesa zinakuja zinaisha, waziri anakuja anaondoka, watu tukawa tunapita na mabasi ya Tunduma tunaangalia lami ile ndefu haina ndege, watoto wamezaliwa wameanza shule uwanja bado. Mei 2012 Mwakyembe akapewa wizara ya uchukuzi. Desemba 2012 Songwe ikaanza kupokea ndege.

Miezi saba. Najua mtu ataniambia kazi nyingi ilishafanywa na waliotangulia, na ni kweli kabisa, hakuna anaejenga uwanja kwa miezi saba. Lakini nyie mliowahi kujenga nyumba mnajua, nyumba ikishaezekwa ndo inakufa, kumalizia ndo kazi, bomba, umeme, milango, na fundi ashachoka na mwenye nyumba ashachoka. Mtu wa kumalizia ana thawabu yake.

Turudi kwenye safari. Ndege yetu ilikua ya saa 3 asubuhi, tukatoka Mwanjelwa saa 11 alfajiri maana hiyo barabara ya njia nne inayojengwa toka Nsalaga kwenda Ifisi imefanya mji mzima kuwa michepuko na vumbi, na ule mlima wa Iwambi mimi siuamini hata kidogo, malori ya Zambia na Kongo yanashuka pale breki zinanuka. Dereva teksi alitaka elfu 50, tukaelewana 40, kijana mstaarabu, alimshika mama mkono akamwambia "pole mama, ugonile", mama akafurahi kupata mtu wa kwao asubuhi ile. Ushauri wangu, kama una mgonjwa au mizigo msipange safari ya kugusana na muda, toka mapema, ukiwahi ukakaa haikupunguzii kitu.

Pale uwanjani pasafi, hilo naliweka mbele. Mama hawezi kusimama muda mrefu, nikamweleza dada mmoja mlangoni, hakuniuliza maswali kumi, kaenda kaleta kiti cha matairi, kijana mwingine kamsukuma mama mpaka kwenye ukaguzi na kamsaidia kuvua viatu na kumvalisha tena, yani kapiga magoti chini kamvalisha. Sikumuuliza jina na nilijuta baadae. Mama akamwambia "ndaga fijo mwanangu", yani asante sana kwa Kinyakyusa. Vyoo vilikua vinafanya kazi na maji yapo. Sehemu ya kukaa viti vinatosha kama ndege ni moja, zikigongana mbili watu wanasimama. Njia ya kurukia ni ndefu, zaidi ya kilomita tatu, ukiwa dirishani unaona mwisho wake unaingia kwenye ukungu.

Na ukungu ndo shida ya pale. Tulikua mwezi wa 6, saa 2 ule uwanja huuoni, yani mlingoti wa bendera huuoni. Hii haina wa kulaumiwa, ni Mbeya na baridi yake, rubani asipoona asitue, mimi namshukuru. Kinachoniuma ni shirika la ndege, silitaji. Toka saa 3 mpaka saa 8 mchana hakuna mtu wa kaunta yao aliesimama akatuambia kitu kinachoeleweka, kila ukienda ni "subirini kidogo", ukungu umeondoka saa 5 jua linawaka bado ni subirini kidogo, kumbe ndege ilikua imepelekwa kwanza mji mwingine na hawakutaka kusema. Mama alikua hajala kwa sababu ya dawa zake zina masharti ya muda. Kutuambia ukweli tu ningetoka nje nikamtafutia uji. Meseji ya kuomba radhi ilikuja kwenye simu tukiwa tayari Dar, usiku.

Sasa katika yale masaa matano ndo nilikua namsimulia kijana mmoja aliekaa na sisi, mwanafunzi wa chuo pale MUST, chuo kikuu cha sayansi na teknolojia Mbeya, kwamba huu uwanja una habari yake, na nikagundua Mwakyembe anamjua kwa jina tu, "si yule wa michezo?" Ikaniuma kidogo. Kwa hiyo namwandikia na yeye.

Mwakyembe kabla hajawa waziri alikua mwalimu wa sheria chuo kikuu Dar, alianzia kwenye uandishi wa habari, udaktari wake wa sheria kaupata Hamburg Ujerumani, akawa kwenye bunge la Afrika Mashariki 2001, halafu 2005 akaja kuomba kura Kyela. Mwanzoni baba hakumpenda, alisema huyu msomi atatuongelea Kijerumani. Baba alikua mkulima wa mpunga na kakao kidogo, ana redio yake ya mawe manne, na mawe yakiisha anayaanika juani yapate nguvu. Novemba 2007 Bunge likaunda kamati teule kuchunguza mkataba wa Richmond, ule mkataba wa umeme wa dharura wa megawati 100 uliotokana na ukame wa 2006, ile mgao wa umeme mnaukumbuka. Mwenyekiti wa kamati akawa Mwakyembe. Februari 6, 2008 akaisoma ile ripoti Dodoma.

Siku ile Ipinda hakuna aliekwenda shamba. Sio kwamba walipanga, ni kwamba ilianza kusomwa watu wakawa wanasogea tu. Chini ya mwembe wetu kulikua na watu hata thelathini na redio moja, mama anapika chai sufuria kubwa ya msiba, mawe yakaanza kuisha sauti ikawa inafifia wakachangishana hapo hapo mtoto akatumwa dukani mbio. Wazee hawakuelewa kila neno maana lugha ya mikataba ni ngumu, ila walielewa kwamba mtu wa kwao anasimama mbele ya wakubwa na anasoma bila sauti kutetemeka. Kesho yake Waziri Mkuu Edward Lowassa akatangaza kujiuzulu na baraza zima likavunjwa. Toka siku hiyo baba alibadilika, akawa anamuita "mwanangu" kama vile kamzaa. Niongeze kwa haki, Lowassa mwenyewe mpaka mwisho alisema kaonewa na hakupewa nafasi ya kusikilizwa na kamati, na kuna watu wazima wenye akili zao wanaoamini hivyo, mimi siwezi kumaliza huo ubishi. Nachosema ni kile tulichokisikia chini ya mwembe.

Mei 2009 Mwakyembe akapata ajali ya gari pale Ihemi, Iringa. Miezi michache baadae ndo tukapita na baba na lile basi, tulipofika Ihemi akaniambia nimuinue. Mgonjwa vile. Akaangalia dirishani akasema "ni hapa", akarudi kulala. Baba hakurudi Ipinda akiwa hai. Songwe hakuiona.

Baada ya uchaguzi wa 2010 Mwakyembe akawa naibu waziri wa ujenzi, waziri wake akiwa Magufuli, akaugua akaenda India kutibiwa, akarudi, na Mei 2012 ndo uchukuzi. Hii ndo miaka yake mimi nayoipenda. Alivyoingia tu aliwasimamisha wakubwa wa bandari, akashika shirika la ndege, 2013 lilipolipuka suala la dawa za kulevya kupitia uwanja wa Dar akaenda mwenyewe pale na kutaja waliohusika upande wa wafanyakazi. Na Oktoba 2012 ikaanza treni ya Dar, moja Ubungo kwenda Stesheni, nyingine ya TAZARA kwenda Mwakanga. Mimi wakati huo nilikua Dar najaribu maisha, nakaa kwa shangazi Ubungo, nafanya kazi ya kubeba vifaa Kariakoo. Mnaojua foleni ya Morogoro Road ya miaka ile kabla ya mwendokasi mnaelewa. Treni ilikua mabehewa yamechoka, watu wamejaa mpaka milangoni, lakini ilikua INAFIKA, na watu wote bila kuambiwa na mtu wakaiita treni ya Mwakyembe. Sio treni ya TRL, yani kampuni ya reli, sio treni ya serikali. Konda wa daladala anatukana "nendeni na treni yenu ya Mwakyembe". Mimi mtoto wa Kyela nimebanwa ndani ya behewa kifua kimejaa. Ni mawaziri wangapi nchi hii kitu chao kimepewa jina lao na watu wa kawaida bila kibao wala mkasi wa kukata utepe?

Halafu Januari 2015 akahamishwa kwenda Afrika Mashariki, mwisho wa mwaka Magufuli akampa Katiba na Sheria, Machi 2017 akamuhamishia Habari, Utamaduni, Sanaa na Michezo. Hapa ndo hoja yangu ilipo na sijui kwa nini watu hawaisemi. Uchukuzi alikaa miaka miwili na miezi nane. Katika muda huo mfupi uwanja umefunguka na treni imetembea. Afrika Mashariki miezi kumi. Katiba na Sheria mwaka na kidogo. Mtu anajifunza wizara, anajua faili gani limefichwa na nani, ndo kwanza anashika, anaondolewa, anakuja mwingine anaanza kuuliza choo kiko wapi. Hata Mwandosya ni hivyo hivyo, kaanza uchukuzi, kaenda mazingira, kaenda maji, kamalizia waziri asie na wizara maalum. Nyie mnaokua na duka, ungembadilisha muuzaji kila mwaka ungejua stoku yako? Taa za kuongozea ndege Songwe zilichelewa miaka mingi baada ya uwanja kufunguliwa, ndege zikawa zinatua mchana tu, na mimi naamini, ni imani yangu, kwamba angeachwa pale miaka mitano tusingesubiri vile.

Ile ya Habari na Michezo siwezi kumsifia yote. Kwenye mpira sawa, Taifa Stars ilifuzu AFCON ya 2019 yeye akiwa waziri, mara ya kwanza tangu 1980, tuliifunga Uganda 3 bila, Mwanjelwa ilikua haipitiki. Lakini 2017 hiyo hiyo magazeti yalifungiwa moja baada ya jingine, Mawio, MwanaHalisi, Raia Mwema, Tanzania Daima, na mtu wa kwanza kusikitika ningetaka awe yeye, alieanza kama mwandishi na aliejulikana nchi nzima kwa kusoma ripoti ambayo wengi walitaka isisomwe. Nilisikia vibaya sana. Niliwaza baba angesema nini na nikashukuru hayupo, Mungu anisamehe kwa wazo hilo. Nampenda na nasema hivyo, kwa sababu kumpenda mtu sio kufumba macho.

2020 kura za maoni za chama hazikumpitisha, akatoka bungeni. Kyela watu walikua wamegawanyika, wengine wanasema alikua mbali na jimbo, wengine wanasema kafanya makubwa. Ukienda leo Matema kwa lami kupitia Ipinda utasikia pande zote mbili kwenye bodaboda hiyo hiyo moja.

Basi mrejesho wangu kwa ufupi ili anaetaka kusafiri ajue: uwanja wa Songwe kwa usafi na ubinadamu wa wale vijana nampa nyota nne kati ya tano, ya tano nabakiza kwa sababu ya nafasi ya kukaa na kwamba chakula cha bei ya kawaida ilinibidi nikitafute nje barabarani. Shirika la ndege nyota mbili na zote mbili ni za rubani. Kuanzia mwezi wa 6 mpaka wa 8 usikate tiketi ya asubuhi kama una miadi hospitali siku hiyo hiyo, kata ya mchana au nenda siku moja kabla, na beba chai kwenye chupa. Kama una mgonjwa sema mapema mlangoni, kiti cha matairi kipo na hawadai hela.

Ndege ilikuja saa 8 na nusu. Mama hakuwahi kupanda ndege, alikaa dirishani kanishika mkono wakati wa kupaa akaanza kuimba pambio kwa sauti ndogo, mzee wa pembeni akajiunga nae. Tukapanda juu ya mawingu, kote kweupe, akaacha kuimba akawa anaangalia tu. Ilipita kama nusu saa hivi, nikadhani kalala. Akageuka akaniuliza:

"Mwanangu, Ihemi tumeshapita?"

Nikaangalia chini, hakuna kitu, mawingu matupu. Nikamwambia tumeshapita mama.